Vyuma vikikaza, nani anabaki? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu marafiki, madeni na Mithali

Mkuu, pole kwanza. Umesema duka lako la vifaa vya ujenzi hapo Nzuguni, Dodoma, limefungwa, watu uliokuwa unakula nao nyama choma kila wikiendi hawapokei simu, na katikati ya hayo yote kaka yako anataka umdhamini mkopo kwa kuwa hati ya nyumba yako bado iko mkononi mwako. Halafu mtu kanisani akakupa Mithali 19:4: "Utajiri huongeza rafiki wengi, Bali maskini hutengwa na rafiki yake." Wewe ukaichukua kama hukumu, na mkeo anasema futa namba zao wote. Unauliza kama Biblia inakuunga mkono.

Mimi ni mkulima wa zabibu huku Mpunguzi, barabara ya Iringa, na ni mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Uchungaji sina. Ila madeni ya watu nimeyaona kwa karibu, pengine kuliko wachungaji wengi, kwa sababu mhazini ndiye anayefunguliwa daftari.

Huo mstari haukuagizi kufanya lolote. Unaeleza watu walivyo, basi. Mithali 14:20 inasema maskini huchukiwa hata na jirani yake, na 19:7 inakwenda mbali zaidi, hata ndugu wa tumbo moja wanamkwepa. Hakuna mahali panaposema "na wewe wakwepe". Kitabu hicho hicho, 17:17, kinasema rafiki hupenda sikuzote na ndugu amezaliwa kwa siku ya taabu. Aliyeyakusanya maneno haya alijua aina zote mbili zipo mtaani kwake, akaziandika zote bila kuzipatanisha. Faida ya kuisoma ni kwamba ukiachwa usishangae mpaka ukaugua.

Tena tuseme ukweli kuhusu mji wetu. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, Dodoma kila mtu akawa na jambo la ujenzi: huyu dalali wa viwanja Ihumwa, yule ana tipa, mwingine anauza nondo, mwingine anasimamia mafundi Mtumba. Urafiki mwingi wa miaka hii ulizaliwa saiti. Kazi ikikata, mazungumzo nayo yanakata. Wengi hawapokei simu yako kwa kuwa wanadhani unataka kukopa na wao hawana, na aibu ya kusema "sina" ni kubwa kuliko ya kutopokea simu. Watumie ujumbe wa maandishi, mfupi: "Siombi hela, nilitaka kujua mnaendeleaje." Watakaojibu, hao unao.

Kuhusu kufuta namba, soma Ayubu. Sura ya 19 analalamika kwamba jamaa zake wamekoma na rafiki zake wamemsahau. Ukifika 42:11, mali imerudi, na hao hao wanakuja nyumbani kwake, wanakula chakula, kila mmoja anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Walikuwa wapi alipokuwa anajikuna kwa kigae kwenye majivu? Kitabu hakisemi. Wala hakisemi Ayubu aliwafukuza. Mimi mstari huo hunikera kila nikiusoma, ila uko pale, na mzee aliwakaribisha mezani.

Sasa nije kwenye deni, maana naona umelitaja kwa haraka kama jambo la pembeni, na kwa maoni yangu ndilo lenyewe.

Ukisoma Torati utaona mwenye kukopesha anawekewa masharti mengi kuliko aliyekopa. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Mstari wa 10 na 11: ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani, simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Na kama ni maskini aliyekupa nguo yake ya kujifunika, irudishe jua likichwa ili akalale nayo. Yaani sheria inahesabu hadi usingizi wa mdaiwa.

Linganisha na kausha damu za mtaani kwetu, ile mikopo ya riba kubwa. Mama anakopa laki tatu, marejesho kila wiki, akikosa wiki moja wanakuja wanawake wenzake kumi wanakaa mlangoni mpaka jioni, watoto wanaangalia. Wiki ya pili wanaingia ndani, wanabeba godoro, televisheni, mtungi wa gesi. Kuna mwanakikundi wetu mmoja alikuwa amekopa huko nje bila sisi kujua, wakambebea cherehani. Hiyo ndiyo iliyokuwa inalipa! Ukishabeba cherehani ya fundi nguo, unategemea marejesho yatoke wapi? Jiwe la kusagia la Torati ndilo hilo, na katazo limeandikwa kabla ya mababu wa mababu zetu. Nchi yenyewe ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayotaka mkopeshaji awe na leseni na vikundi visajiliwe, kwa hiyo anayekuja kubeba vitu usiku muulize kwanza leseni yake iko wapi.

Baada ya tukio lile tuliweka kipengele kwenye katiba ya kikundi: kumfuata mdaiwa wanakwenda watu wawili tu, mchana, hawavuki mlango, na jina lake haliandikwi kwenye kundi la WhatsApp. Tulibishana mikutano miwili mizima. Wenzangu walisema mkiwabembeleza hawalipi. Na kweli, wapo waliokula hela zetu wakahamia Manyoni, siwezi kuwapamba. Lakini wengi walilipa polepole, na bado tunasalimiana nao sokoni Majengo. Kwangu hilo lina thamani yake, ingawa kwenye daftari halina safu.

Kama hapo dukani ulikuwa unawauzia watu kwa mkopo, na najua ulikuwa unauza hivyo maana hakuna duka la saruji Dodoma lisilo na daftari la madeni, basi sheria hizi zinakuhusu wewe kabla ya kukuhusu rafiki zako. Unadai nani, na unamdai vipi? Soma Nehemia sura ya 5. Watu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba wapate ngano wakati wa njaa, wengine wakafikia kutoa watoto wao utumwani, na waliowakopesha walikuwa Wayahudi wenzao. Nehemia hakuwaombea tu. Aliwaita wakuu hadharani, akawataka warudishe mashamba na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Sehemu ya mia ni asilimia 1, mkuu. Leo mtu akikutajia asilimia 1 utamkumbatia.

Kwa kaka yako jibu langu ni hapana, na Mithali 6:1–5 haina hata kona ya kujificha. Inasema ukiwa umemdhamini rafiki yako umejinasa kwa maneno ya kinywa chako, usilale, nenda kamsihi, jiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Na huyo ni mtu aliyekwisha kudhamini. Wewe bado. Nyumba ndiyo kitu pekee kilichobaki kati ya watoto wako na kupanga chumba Chang'ombe.

Ila "hapana" tupu kwa ndugu ni nusu ya jibu. Yakobo 2:16 inamcheka mtu anayemwambia mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," halafu hampi kitu. Kwa hiyo mimi naamua mapema: nikimpa ndugu, nimempa, na kiasi ni kile ambacho kisiporudi sitamchukia. Kama ni elfu hamsini, ni elfu hamsini ya zawadi, na ninaitamka hivyo. Kinachoua undugu ni ile hela mmoja anayoiita mkopo na mwingine anaiita msaada, kisha wanakutana kwenye msiba kijijini hawatazamani.

Michango ya harusi sitaki kuigusa leo. Nitasema tu kwamba kadi ya laki moja kwa mtu aliyefungiwa duka haimlazimu, atume elfu kumi na salamu.

Mstari ulionisaidia mimi hasa ni 2 Wafalme 4. Mwaka mmoja zabibu zilijaa mno, wanunuzi wakasuasua, bei ikashuka chini ya gharama ya kuzichuma. Zabibu za mvinyo hazingoji kama mahindi ya Kibaigwa unayoweza kuyaweka stoo hadi bei ipande. Siku chache zimeharibika. Nilikuwa nadaiwa dawa za ukungu na vibarua. Katika sura ile kuna mjane, mume amekufa, mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamwambii avumilie. Anamuuliza: una nini nyumbani? Ana chupa ya mafuta tu. Anamtuma akaazime vyombo vitupu kwa majirani, wala si vichache. Anamimina, mafuta yanajaa vyombo vyote, na agizo la mwisho ni la kihasibu kabisa: uza, lipa deni, mle kinachobaki.

Watu huhubiri muujiza wa mafuta. Mimi nilibaki na vyombo. Majirani hawakuombwa hela, waliombwa vitu walivyonavyo ambavyo vimekaa bure. Kwa hiyo mwaka ule sikumwomba mtu mkopo. Niliazima guta la jirani, nikaazima turubai mbili za kuanikia alizeti, mwingine akanipa sehemu ya bati lake la juu. Zabibu nyingine tulizianika zikawa zabibu kavu, nyingine nikaziuza rejareja stendi kwa mafungu, mke wangu mbele na mimi nasukuma. Hazikulipa deni lote. Zililipa vibarua, na mwenye duka la dawa alinisubiri hadi msimu wa Agosti kwa sababu alituona tunahangaika.

Mithali 27:10 inasema afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, na wazee wa Ugogo walilijua hilo bila kusoma. Mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa watu wa vijiji mbalimbali wamtunzie, wao wakinywa maziwa. Ukame ukipiga huku, kule kunabaki kitu, na aliyetunza hawezi kukuacha ulale njaa. Na hata hivyo palikuwa na mwisho. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kukomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakata. Ujirani ulivunjika kwa kuwa hakuna aliyebaki na kitu cha kumgawia mwenzake. Nalitaja hili usije ukadhani kila aliyekuacha ana roho mbaya. Wakati mwingine mji mzima umekauka.

Na upande wako pia upo mpaka. Mithali 25:17 inaonya mguu wako usizoee nyumba ya jirani, asije akakuchoka. Shida yako wape watu watatu kipande kipande, usimtwishe mmoja yote.

Kwa mkeo: kama bado hajaona orodha kamili ya madeni, na nilivyosoma maelezo yako nadhani hajaiona, mwandikie leo. Jina, kiasi, tarehe. Mhubiri 4:9 inasema afadhali wawili kuliko mmoja kwa sababu wana ijara njema kwa kazi yao, lakini hawezi kufanya kazi ya deni asilolijua. Usimtajie nusu.

Kisha mpigie kaka yako kabla hajaenda kwa huyo mkopeshaji, ajue kwamba hati haitoki, na kiasi ulichonacho cha kumpa ukitaje hapo hapo. Akikasirika mwache akasirike, wiki ijayo mpigie tena umuulize habari za watoto. Zile turubai na mikokoteni iliyobaki dukani usiuze kwa bei ya kutupa, wapo watu Nala na Chamwino wanakodi kwa siku. Kama una mzani, niambie, mimi mwenyewe nautafuta kwa msimu huu.