Gesi ya tangi moja kwa apatimenti 24: inalipa au tubaki na mitungi?

SWALI: Mkuu, tupo ndugu wanne tunajenga apatimenti 24 Kigamboni, ghorofa nne, msingi umeisha. Kuna kampuni inasema itatuwekea tangi la gesi nje bure, kila nyumba ipate bomba na mita yake, sisi tulipie mabomba ya ndani tu. Ni nafuu kweli kuliko kila mpangaji na mtungi wake? Na mbona mita inasoma mita za ujazo wakati gesi tumezoea kununua kwa kilo?

JIBU: Kaka hongereni, na mmeuliza wakati mzuri maana bomba la gesi ukilipanga sasa hivi pamoja na la maji gharama yake ni ndogo, ukija kulikumbuka watu wameshahamia ni kuvunja kuta na kung'oa pevingi.

Kwa nyumba 24 zilizobanana hivyo mimi ningeweka. Tuseme familia inamaliza mtungi wa kilo 15 kwa mwezi, hapo zote ni kilo 360. Tangi la lita 2,000 halijazwi kupita asilimia 80 kwa sababu gesi ikipata joto inatanuka, kwa hiyo linabeba kama kilo 850, yani gari la gesi linakuja kila miezi miwili na ushee. Unafuu unatokea hapo, gesi haipiti kwenye kujaza mtungi mmoja mmoja, hakuna bodaboda wala faida ya duka la mtaani, na mama wa ghorofa ya nne habebi chuma kwenye ngazi. Ingekuwa ni ploti zimetawanyika, nyumba tano hapa nyingine kule, ningewaambia acheni, hela yote ingeishia kwenye kuchimba mfereji wa bomba. Na kama wapangaji wataingia kidogo kidogo anzeni na mitungi ya kilo 38 iliyounganishwa kwenye bomba moja, tangi lije baadaye, mabomba ni yale yale.

Sasa kwenye mita ndo nataka mtulie kabisa. Mita inapima mvuke unaopita kwenye bomba, sio uzito, na gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani ambazo uzito wake haulingani. Kwa joto la Dar na presha ya jikoni mita moja ya ujazo ya propani ni kama kilo 1.8, ya butani kama 2.4, nusu kwa nusu inakuja 2.1. Sasa mpangaji katumia mita za ujazo 7, ukizidisha kwa 2.1 ni kilo 14.7, lakini mkataba ukiandika 2.5 analipia kilo 17.5, karibu kilo tatu hazijawahi kufika kwenye jiko lake, kila mwezi! Nimeona mkataba ambao hiyo namba ya kuzidishia haikuandikwa kabisa. Daini iandikwe, mpewe na cheti cha mchanganyiko kila gari likishusha, na mita ziwe zimehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Hilo tangi la bure nalo ni lao, gharama yake watairudisha kupitia bei ya kilo. Sio dhambi, ila muulize bei itapandaje, mmefungwa nao miaka mingapi, na mkataba ukiisha mabomba ni ya nani. Hapo ndo unafuu unaponea au unapofia.

Usalama: hii gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kutuama, kwa hiyo tangi lisikae karibu na parking ya chini, chemba ya maji taka wala mtaro. Kanuni ya Marekani, NFPA 58, inataka tangi la saizi yenu likiwa juu ya ardhi liwe mita 7.6 kutoka kwenye jengo, mnipimie kama kiwanja kinatosha. Kampuni iwe na leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, na Zimamoto wapitie ramani.

Halafu msikubali mfereji ufukiwe kabla ya kupima presha. Kuna saiti niliitwa pevingi zimeshapangwa, tukajaza hewa kwenye bomba tukafunga vali, mshale wa geji ukawa unashuka taratibu tunauangalia. Tulifukua karibu mita 60 hadi getini, tukapaka povu la sabuni, jointi moja ikaanza kutoa mapovu. Moja tu.

Kama mnawaza umeme, kilo moja ya gesi inapika sawa na yuniti 8 hivi kwenye jiko la induction, kwa hiyo chukua bei ya kilo watakayowapa ugawe kwa 8, ikizidi bei ya yuniti ya Luku rudini mezani nao kabla ya kusaini.

Nitumie ramani ya kiwanja ikionyesha chemba na geti, nikuangalizie tangi likae wapi.