Je, lugha ya kubuniwa ni lugha kamili?

SWALI: Mhariri, nasikia Kiesperanto kilitungwa na mtu mmoja tu. Je, maneno ya namna hiyo yanaweza kubeba maana kama ya lugha tulizolelewa nazo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba L. L. Zamenhof, daktari wa macho, alichapisha kitabu cha kwanza cha Kiesperanto mjini Warsaw mwaka 1887. Hata hivyo, litazame neno lake la hospitali, “malsanulejo”: “san” ni mzizi wenye maana ya afya, “mal” hugeuza maana kuwa kinyume, “ul” humtaja mtu, “ej” hutaja mahali, na “o” ya mwisho huonyesha kwamba neno ni nomino. Sisi tunaopata mpishi, upishi na pikiana katika mzizi mmoja hatuna la kushangaa hapo, ila kwetu “k” ya pika hugeuka “sh”, ukaidi ambao Zamenhof hakuutaka na ambao mimi binafsi naupenda.

Kuhusu maana, watafiti wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani walitangaza mwaka 2025 kwamba wazungumzaji wa Kiesperanto na wa lugha zilizobuniwa kwa ajili ya filamu kama Klingon, wanaposikiliza lugha hizo, hutumia sehemu zilezile za ubongo zinazoshughulikia lugha za kawaida, tofauti na lugha za kuandikia programu za kompyuta. Tena wapo watoto waliokuzwa wakizungumza Kiesperanto nyumbani na wazazi wao.