Baklava ya stroop: kwa nini shira haishuki?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Rotterdam mwaka wa sita sasa. Jirani yangu ni mama wa Kituruki na kila Idi tunapelekeana sahani. Safari hii nataka kumpelekea baklava (manda za tabaka zilizojazwa lozi na kumwagiwa shira) yenye ladha ya huku Uholanzi: viungo vya speculaas, biskuti za viungo za huku, spijs (lozi zilizosagwa na sukari) katikati, na juu stroop, shira nzito ya Kiholanzi, badala ya shira yetu. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza stroop iligandia juu kama gundi, manda za chini zikabaki kavu. Mara ya pili niliiongezea maji, ikashuka vizuri, lakini asubuhi trei nzima ilikuwa imelowa chepechepe, na manda za katikati zilikuwa kama hazijaiva. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba dada. Wazo ni zuri, ila vitu umeviweka mahali pasipo pake. Stroop iwe ndani, shira ibaki juu, na spijs itoe kabisa.

Tuanze na stroop. Chukua stroopwafel, yaani waferi mbili zilizogandishwa kwa stroop, uiweke juu ya kikombe cha chai ya moto, kama wanavyofanya wenyeji wako. Baada ya dakika mbili stroop ya ndani inalegea na mdalasini unanukia. Iondoe, ikipoa inakaza tena. Hiyo ndiyo kazi yake tangu walipoanza kuipaka kwenye waferi kule mji wa Gouda: kushikisha vipande viwili visiachane. Haikutengenezwa ipenye kitu. Keukenstroop, yaani stroop ya kupikia ya chupa, ina glukosi nyingi na ni nzito. Ukiimwaga juu ya manda, inapoa na kukaza kabla haijafika nusu ya safari. Nami nilishaharibu trei hivyohivyo, tukaishia kuibandua kwa mwiko wa chuma. Na ukiipunguza makali kwa maji, maji hayo hayana pa kwenda ila kwenye manda.

Shira ya baklava ni sukari, maji na limau, lakini kipimo ndicho chote. Kwa trei ya sentimita 20 kwa 30 tumia sukari gramu 400 na maji gramu 250. Chemsha mpaka ifike nyuzi 106 za Selsiasi. Hapo sukari ni kama asilimia 75 na maji ni robo tu. Kama huna kipimajoto, tumia mizani: pima sufuria tupu kwanza, kisha chemsha mpaka kilichomo kitoke gramu 650 na kubaki kama gramu 530. Mimi naiamini mizani kuliko jicho, hata kuliko kuvuta uzi kati ya vidole kama tulivyofundishwa na mama zetu. Karibu na mwisho tia kijiko kidogo cha maji ya limau. Asidi huvunja sehemu ya sukari ili shira isirudi kuwa chenga. Kwenye visheti tunataka igande nyeupe juu, kwenye baklava hatutaki. Ukitaka ladha ya stroop isikike hata juu, punguza sukari gramu 50 na utie stroop gramu 50 mahali pake. Usizidishe.

Sasa spijs. Spijs halisi ni lozi na sukari kwa uzito sawa, pamoja na yai na maganda ya limau. Ndani ya gevulde speculaas, yaani speculaas iliyojazwa spijs, unga mnene unauhimili unyevu huo. Manda za yufka, zile za Kituruki za baklava, ni nyembamba mno: mvuke wa spijs unazipika kwa maji badala ya mafuta, ndiyo maana zako za katikati zilibaki mbichi. Na soma pakiti unaponunua. Ikiandikwa banketbakkersspijs, huenda hakuna lozi kabisa, bali kokwa za aprikoti au hata maharage meupe.

Badala yake, saga lozi kavu gramu 250, zibaki na punje, zisiwe unga. Tia biskuti za speculaas zilizopondwa gramu 60 na viungo vijiko vidogo viwili. Kisha pasha stroop vijiko vikubwa viwili hadi ilegee, umimine humo na usugue kwa vidole mpaka mchanganyiko ushikane kama mchanga wa pwani maji yanapokupwa. Ukiufinya unashika, ukiugusa unamomonyoka. Ukikaa kama donge, stroop imezidi, ongeza biskuti.

Viungo changanya mwenyewe: mdalasini vijiko vinne, karafuu kimoja, kungumanga kimoja, na nusunusu ya tangawizi, hiliki na pilipili manga nyeupe. Karafuu usizidishe hata chembe, inatia ganzi ulimi na kuzima siagi. (Waholanzi waliipata karafuu Maluku, walikoihodhi kwa mabavu enzi za VOC, kampuni yao ya biashara ya Mashariki. Mikarafuu ya Unguja na Pemba asili yake ni hukohuko, kwa hiyo nyumbani kwenu Tanga mmekaa karibu na speculaas kuliko mnavyodhani.)

Siagi usiitie ilivyo. Roomboter, siagi halisi ya huko, ina mafuta asilimia 82 hivi, na maji yanaweza kufika asilimia 16. Chemsha gramu 250 kwa moto mdogo, engua povu, chuja. Utapata samli kama gramu 200, nayo inatosha. Panga manda kumi chini, ukipaka samli kila moja, tandaza lozi, kisha manda kumi juu. Kata vipande mpaka chini kabla ya kuoka, kwa sababu shira hushukia kwenye mikato hiyo.

Oka kwa nyuzi 160, dakika 50 hivi. Nyuzi 180 ni nyingi hapa, stroop na biskuti vitaungua kabla ya manda za chini kuiva. Inua kipande cha pembeni kwa kisu: chini kukiwa bado cheupe, rudisha.

Watu wengi nyumbani humwaga shira iliyopoa juu ya baklava ya moto, na kwa shira nyepesi wako sahihi. Lakini mafundi wa Gaziantep, mji wa Uturuki unaosifika kwa baklava, humwaga shira inayochemka juu ya baklava iliyotoka ovenini, na kwa kuwa shira yetu ni nzito, wafuate hao. Tumia upawa, mstari kwa mstari juu ya mikato. Sikiliza: ichachatike. Kukiwa kimya, trei imeshapoa, irudishe ovenini dakika tano.

Baada ya hapo usiifunike kwa foili, mvuke utaidondokea na kuilainisha. Iache wazi usiku kucha mezani, nje ya friji. Ukimpelekea jirani, weka pembeni kaymak (malai mazito) kutoka duka la Kituruki, au slagroom (krimu) iliyopigwa bila sukari.