Muulize Shangazi: Mchicha wa Besimenti na Askari Mlangoni

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, siku hizi naishi Wichita, Kansas, na familia yangu. Baridi ilipoanza nilifunga hema la kuoteshea mimea kwenye besimenti: mchicha, bamia, na vijiti viwili vya muhogo nilivyopewa na rafiki, maana mke wangu sombe (kisamvu) ya kwenye friza haimridhishi. Taa zangu ni zile za zambarau, na usiku mwanga wake unatoka kwenye kidirisha cha chini mpaka barabarani. Jirani aliniuliza huku anacheka, "Unalima nini humo ndani?" Mke wangu hakucheka. Anasema watadhani ni bangi, polisi wana kamera za kuona joto kupitia ukuta, mita ya umeme itatuchongea, na ombi letu la uraia bado liko mezani. Anataka ning'oe kila kitu, au basi nizibe dirisha kwa karatasi nyeusi. Je, ana haki ya kuogopa?*
*Baba Bamia, Wichita*

Marahaba, baba. Msalimie sana mama watoto, na usimcheke. Jambo analoliogopa limewahi kutokea, tena katika jimbo lenu hilohilo. Ila halikuingilia dirishani wala kwenye mita. Liliingilia kwenye pipa la taka.

Agosti 2011, baba mmoja wa Leawood, kitongoji cha Kansas City upande wa Kansas, alikwenda na mwanawe kwenye duka la vifaa vya haidroponiki, ile kulima kwa maji bila udongo. Kwenye maegesho ya duka alikaa askari wa barabara kuu wa Missouri, akiandika namba za magari ya wateja. Hakuna aliyemshuku baba huyu kwa lolote. Kosa lake ni kuingia dukani. Taarifa ikalala miezi kadhaa. Mwaka uliofuata ofisi ya sherifu wa Johnson County, kaunti yenye Leawood, ikawa inaandaa misako ya kuangukia tarehe 20 Aprili, siku ambayo wavutaji bangi wa Marekani wameifanya sikukuu yao. Jina la baba yule likaibuka.

Maafisa wakaenda kuchukua taka za familia zilizowekwa nje zisubiri gari. Ndani wakakuta majani yaliyolowa. Mara ya kwanza wakayaona ni mabaki tu ya mimea, wakayaacha. Waliporudi wakayakuta tena, wakayapima kwa kile kipimo kidogo cha mkononi, kikawajibu bangi. Hawakuyapeleka maabara kwanza. Asubuhi ya 20 Aprili 2012 wakafika na silaha na fulana za kuzuia risasi, baba akalazwa kifudifudi sakafuni, na familia nzima ikawekwa chini ya ulinzi kwa zaidi ya saa mbili. Besimenti ilikuwa na nyanya, maboga na matikiti. Na majani ya kwenye taka? Chai. Mama wa nyumba ile hunywa chai ya majani.

Chai, baba! Sasa niambie ni nyumba gani ya Mswahili, iwe ya Uvira au ya kwetu Tanga, isiyomwaga majani ya chai yaliyolowa kila asubuhi na kila jioni.

Familia ile ilitumia takriban dola 25,000 za mawakili ili tu ioneshwe karatasi zilizompa hakimu sababu ya kusaini msako. Kelele zao zikaifanya Kansas ibadilishe sheria mwaka 2014, karatasi za namna hiyo zipatikane kwa urahisi zaidi. Walishitaki. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliifufua sehemu ya kesi iliyokuwa imetupwa, lakini mwishoni mwa mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoitwa kuamua kesi, likawapa ushindi maafisa. Nakwambia hili ili usije ukadhani kwamba ukikosewa, fidia inakusubiri mlangoni.

Tuje kwenye kamera. Mama amesikia jambo la kweli, lakini la zamani. Januari 1992, huko Florence, Oregon, maafisa walikaa ndani ya gari usiku wa manane wakaielekezea nyumba moja kamera ya joto. Paa la gereji lilikuwa na joto kuliko nyumba za jirani. Wakapata hati ya upekuzi, wakaingia, wakakuta mibangi zaidi ya mia, kwa hiyo safari ile kamera haikudanganya. Hata hivyo kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2001, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakasema kuipima nyumba ya mtu kwa kifaa kama hicho ni upekuzi, na upekuzi unataka hati ya hakimu. Jaji Scalia ndiye aliyeiandika hukumu. Mtu asiye na hatia hata kidogo amefaidika na mbangi wa mwenzake, ndivyo sheria za huku zinavyojengwa.

Umeme nao tupige hesabu. Hema la ukubwa wa kabati huhitaji taa ya LED ya kama wati 100. Ukiiwasha saa 16 kwa siku, ni uniti 1.6, sawa na uniti 48 kwa mwezi. Friji peke yake linaweza kula hizo. Wakulima wa bangi waliokamatwa kwa sababu ya umeme walikuwa na taa za wati 1,000 zimepangwa safu. Wewe na mchicha wako mko mbali sana na hapo.

Taka ndizo hazina mlinzi. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyotoka California, kwamba mfuko ulioutoa barabarani hauna tena siri yako. Askari anaweza kuufungua bila hati. Kwa hiyo majani ya chai, mabua ya bamia na matawi uliyopogoa yasiende nje. Tengeneza mboji. Ndoo moja yenye mfuniko, matundu machache, karatasi za gazeti zilizochanwa, na udongo kidogo. Bustani yako inaihitaji mboji hiyo hata kama kusingekuwa na polisi duniani.

Kuhusu majani yenyewe: bamia imewahi kumletea mtu balaa. Oktoba 2014, huko Cartersville, Georgia, helikopta ya kikosi cha kusaka bangi iliona bamia za mstaafu mmoja, na maafisa wakamjia na mbwa. Wakaishia kumwomba radhi. Kisamvu nacho kina vidole vilivyochanuka, nakubali kwamba kwa mbali kinatia shaka. Lakini kikamate mkononi: kingo za jani la muhogo ni laini, za bangi zina meno kama msumeno. Jani la bamia lina meno pia, ila ni jani moja lililokatika pembeni, siyo vijani vilivyoachana hadi kwenye kikonyo. Chomeka kibao chenye jina la mmea kwa Kiingereza katika kila chungu, na utunze pakiti za mbegu na risiti. Sikuahidi kwamba kibao kinazuia hati, ila afisa aliyeingia akakuta "okra" imeandikwa kila mahali anapungukiwa na hamu ya kuendelea.

Dirisha usilizibe. Karatasi nyeusi ndiyo itakayompa jirani hadithi ya kusimulia. Badilisha taa tu. Zambarau ni kwa sababu taa zile hutoa mwanga mwekundu na wa bluu, rangi ambazo mmea huzitumia zaidi. Taa nyeupe za LED zina rangi hizohizo na nyingine juu yake, mchicha haulalamiki, na wewe mwenyewe utaona wadudu na majani yanayogeuka njano mapema zaidi. Ile zambarau mimi siipendi hata kidogo, inafanya kila jani lionekane limekufa. Mchicha wako uendelee kuupa saa nyingi za mwanga. Ukipewa chache hukimbilia maua na majani yanakuwa haba. Na huyo jirani, mpelekee bamia. Mshushe besimenti akaone. Jirani aliyekula mboga zako hapigi simu polisi.

Sasa mlango, na hapa ndipo nina mengi, maana nimekuwa mkalimani mahakamani kwa muda wa kutosha kuona tunavyojiponza. Mimi si wakili, lakini nimewasikia mawakili wakirudia maneno yaleyale. Sisi mgeni akigonga tunamfungulia, tunamkaribisha ndani, tunamtafutia kiti. Afisa akiuliza "tunaweza kuangalia kidogo?" tunaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, hata kama Kiingereza chake hatukukishika vizuri. Ule mtikiso wa kichwa ni ruhusa. Hapo hati haihitajiki tena, na wakili wako baadaye hana pa kushika.

Kama hawana hati, una haki ya kukataa. Toka nje, funga mlango nyuma yako, ongea nao barazani kwa heshima. Waambie hukubali upekuzi. Na wakija na mbwa wa kunusa barazani kwako bila hati, hilo Mahakama ya Juu ililikataza mwaka 2013. Kama wana hati, usisimame njiani, usivute mkono wa mtu, usikimbilie besimenti "kuwaonesha ni mchicha tu". Omba uione, soma anwani, tazama kama imesainiwa na hakimu. Tamka mara moja kwamba hukubali, halafu nyamaza uwaache wafanye. Wakimaliza, dai orodha ya walivyochukua. Omba mkalimani mapema, na tafadhali asiwe mtoto wenu. Nimemwona binti wa shule akimtafsiria baba yake maswali ya polisi. Mtoto hapaswi kubebeshwa mzigo huo.

Wakili wa uraia wenu mpigie simu siku hiyohiyo, hata kama hawakukuta kitu. Fomu ya uraia huuliza kama uliwahi kukamatwa au kuzuiliwa, na jibu lake si la kubahatisha peke yako.

*Shangazi, mimi nina grini kadi, naishi Columbus. Ohio imeruhusu bangi, na mwanangu wa miaka 24 anataka kuotesha miche yake kando ya sukuma wiki zangu. Anasema ni halali kabisa. Nimruhusu?*
*Mama Sukuma*

Hapana.

Mwanao anasema kweli kuhusu Ohio. Wapiga kura waliipitisha Novemba 2023. Lakini anayekupa uraia siyo Ohio. Kwa sheria ya shirikisho bangi bado ni dawa inayodhibitiwa, na tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imeandika wazi kwamba mambo ya bangi yanaweza kukukosesha sifa ya mwenendo mwema hata kama jimbo lako linaruhusu. Nyumba kama unalipiwa kodi kwa msaada wa serikali, unaweza kuipoteza pia. Kijana mwenye miaka 24 anayejua sheria kiasi hicho ana uwezo wa kupanga chumba chake. Na sukuma wiki hazipendi kubanwa.

*Bi Shangazi, niko Bradford, Uingereza. Ninaotesha pilipili na mnavu darini. Theluji ikianguka paa letu linabaki wazi huku ya wenzetu yana weupe mpaka mchana. Nisiwe na wasiwasi?*
*Mpenda Mnavu*

Uwe nao kidogo. Paa lisiloshika theluji ni alama ambayo polisi wa Ulaya huitazama kweli. Wale wa Haarlem, Uholanzi, waligundua bangi kwa njia hiyo mwaka 2015. Na hukohuko kwenu Bradford, mwaka 2011, helikopta ya polisi iliona joto kwenye gereji ya mama mmoja. Walipofika wakakuta simbilisi wa mwanawe wamewashiwa hita wasigande.

Kwako tatizo kubwa ni la pesa: joto unalolipia linapita darini linakwenda angani. Tandika sufi ya kuzuia joto kwenye dari, unene wa sentimita 27 ndio unaoshauriwa huko, na ushushe pilipili zako chumba cha chini chenye dirisha la kusini.