Maswali ya Wasomaji: Magari Ni Machache, Lakini Nani Anayataka?

SWALI: Kampuni ikitangaza kwamba gari fulani la spoti litatengenezwa 500 tu, je, hilo peke yake linatosha kulifanya litafutwe na wakusanyaji baadaye?

JIBU: Halitoshi. Uchache hupandisha bei pale tu wanaolitaka gari wanapokuwa wengi kuliko magari yenyewe. Wasipokuwepo, hata magari 50 ni mengi.

Tazama Jaguar XJ220. Mwaka 1988 lilionyeshwa likiwa na injini ya V12 (silinda 12) inayosukuma magurudumu yote manne. Watu wakaweka amana ya pauni 50,000 kila mmoja, kwa ahadi kwamba hayatazidi 350. Lilipofika mikononi mwa wateja mwaka 1992 lilikuwa na V6 (silinda sita) ya turbo mbili, linasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, na uchumi ulikuwa umeporomoka. Wateja wakaanza kujitoa, wengine hadi mahakamani. Yakatengenezwa chini ya 300, na bado kuyauza ikawa kazi. Kwa hesabu ni adimu kuliko Ferrari F40, ambalo lilifika 1,311. Lakini F40 ndilo lililogombaniwa.

Porsche 911 Carrera RS 2.7 la 1973 linaonyesha upande wa pili. Kanuni za mashindano zilidai magari 500. Porsche ikatengeneza 1,580. Mpango ukapitwa mara tatu na wakusanyaji hawajali, kwa sababu kila kilichobadilishwa kilikuwa na kazi yake: mabati membamba ya kupunguza uzito, injini iliyopanuliwa hadi lita 2.7, na kile kimkia cha nyuma cha kulikandamiza gari barabarani likiwa kasi.

Kwa hiyo jiulize ni kitu gani hasa kilicho adimu, na kama kiwanda kinaweza kukirudia mwakani. Mwaka 2016 Porsche ilitoa 911 R, magari 991, lenye injini ya lita 4.0 ya nguvu za farasi 500 na gia sita za mkono. Waliolipata waliliuza tena kwa bei ya kutisha. Mwaka uliofuata ikaja 911 nyingine, GT3, ya gia za mkono, kisha ikatolewa bila lile bawa kubwa la nyuma, wala haikuwekewa ukomo wa idadi. Bei ya 911 R ikashuka, maana mchanganyiko ule wa injini na gia za mkono haukuwa wake peke yake tena. Lexus LFA nalo lilitengenezwa 500, kati ya 2010 na 2012, na mengine yalikaa kwa wauzaji Marekani miaka kadhaa baada ya uzalishaji kufungwa. Ila V10 yake ya lita 4.8, inayopanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika, haikuwekwa kwenye gari jingine lolote la kuuzwa. Wanunuzi walichelewa kulielewa hilo. Walipolielewa, bei ilipanda.

Toleo ambalo tofauti yake ni rangi, uzi wa viti na kibao chenye namba, sisi tungelilipia bei ya gari la kawaida na kidogo tu juu yake. Na “la pekee duniani” mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna mwingine aliyeagiza viti vya kijani na mikanda ya njano. Pengine kwa sababu nzuri.

SWALI: Nimeonyeshwa gari lenye kibao kinachosema “312 kati ya 500”. Nithibitishe vipi?

JIBU: Kibao kinang'olewa kwa bisibisi, usikitegemee. Anza na namba ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17 kwa magari ya tangu miaka ya 1980: ile ya chini ya kioo cha mbele, ile iliyogongwa kwenye bodi, na ya kwenye hati lazima zifanane. Kisha namba ya injini na ya giaboksi, uzipeleke kwa mtengenezaji aseme kama ndizo zilizotoka nalo kiwandani. Injini iliyobadilishwa hushusha thamani sana, hata kama inaunguruma vizuri.

Pima unene wa rangi kila paneli. Ya kiwandani kwa kawaida huwa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 180; ukisoma 300 kwenye mlango mmoja tu, mlango huo umepakwa rangi upya. Tahadhari: kipimo cha kawaida hakisomi rangi iliyo juu ya bodi ya nyuzi za kaboni, ambayo magari haya yanayo kwa wingi. Hapo tafuta cha mawimbi ya sauti, na mtu anayejua kukitumia.

SWALI: Nikilihifadhi bila kuliendesha kabisa, si ndiyo thamani itabaki?

JIBU: Odometa itabaki chini, lakini gari litazeeka. Sili za mpira hukauka na kuvuja, petroli huacha utando kwenye nozeli zinazopulizia mafuta, matairi hupata bapa upande uliogusa sakafu. F40 lina mifuko ya mpira ndani ya matangi ya mafuta ambayo huoza kwa umri, si kwa kilomita, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, nao huhesabiwa kwa miaka. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2315 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, na limezeeka hata kama meno yake hayajaisha.

Liendeshe mara moja kwa mwezi, dakika 30 hivi, hadi oili yenyewe ipate moto, si maji tu. Kuliwasha dakika tano na kulizima ni vibaya kuliko kuliacha, kwa kuwa unyevu hubaki ndani ya injini na ekzosi. Badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili, acha betri kwenye chaja ya kuitunza, na unyevu wa chumba uwe karibu asilimia 50. Ukikausha zaidi, ngozi ya viti hupasuka.

SWALI: Naweza kununua jipya na kuliuza wiki hiyo hiyo?

JIBU: Soma mkataba kwanza. Wanunuzi wa Ford GT walizuiwa kuuza ndani ya miezi 24, na mwaka 2017 kampuni ilimshtaki mteja mmoja mashuhuri aliyeuza mapema. Wakapatana mwaka uliofuata. Hata pasipo kesi, ukishajulikana kwa tabia hiyo hutaitwa toleo lijalo likitoka.