Miguu ya Riat haikunitosha Mlima Kenya

Miezi miwili kabla ya kwenda Mlima Kenya nilikuwa nikipanda vilima vya Riat, karibu na Kisumu, kila Jumamosi, begani nimebeba lita kumi za maji. Nilifika juu bila kuhema nikaamini niko tayari. Siku ya pili mlimani, kambi ya Shipton's, mita 4,200, nilishindwa kufunga kamba za buti. Nikiinama tu, kichwa kinataka kupasuka. Chai waliyonipa niliitapika palepale mlangoni. Kiongozi wetu hakubishana nami. Alinivisha koti, tukaanza kushuka kabla giza halijaingia.

Sisi wa Kisumu tunaishi takriban mita 1,130 tu juu ya usawa wa bahari. Mazoezi yanakupa miguu na moyo, na uyafanye, lakini hayakupi hewa. Pale kilele cha Lenana, mita 4,985, kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Mwili hujifunza kuishi hivyo, ila hujifunza polepole, na wenye mazoezi ndio huponzeka kwa kuwa miguu inawaruhusu kukimbilia juu.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Kwa njia ya Sirimon nililala kambi ya Old Moses, mita 3,300, kesho yake Shipton's. Hizo ni mita 900 kwa siku moja, ilhali ukishapita mita 3,000 inashauriwa usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Niliporudi mwaka uliofuata nililala Nanyuki kwanza, kisha Old Moses siku mbili. Ile siku ya katikati tulipanda kwa muda wa saa mbili hivi, tukakaa kidogo, tukarudi chini kulala. Siku hiyo ya ziada iliniongezea malipo ya mpagazi na kiingilio, na pesa iliniuma kweli. Lakini Shipton's nilikula ugali wote nikaomba mwingine.

Kichwa kikianza kuuma, sema. Tafadhali usifiche kwa kuogopa kuwaharibia wenzako safari. Kikiuma pamoja na kichefuchefu au kizunguzungu, usipande tena mpaka upone, ukizidiwa, shuka. Mtu akianza kupepesuka, kuongea ovyo, au kuhema akiwa ameketi, mteremsheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, msingoje asubuhi. Ziko dawa za kinga, kama asetazolamidi, lakini umwone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Nguo si shida kubwa. Koti zito, glavu na suruali za kuzuia upepo nilizipata kwenye mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu. Buti zivae mtaani wiki kadhaa kabla ya safari. Usiku wa kwenda kileleni geuza chupa ya maji, mdomo chini, maana barafu huanzia juu. Yangu iliziba nikakaa na kiu hadi jua lilipochomoza.

Kabla hujalipa, muulize anayekuandalia safari mtalala wapi kila siku na ni mita ngapi. Akikutajia siku tatu kwenda na kurudi, nawe unatoka Kisumu, omba ya nne, iandikwe kwenye makubaliano.