Jibu: Nasoma vipi na kazi ya zamu hotelini?
Dada yangu, umeuliza kama chuo kikuu kina nafasi kwa mtu wa mapokezi Nungwi asiyeweza kuacha kazi. Ipo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa, kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, na kina vituo Unguja na Pemba. SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nayo ina skuli ya utalii Maruhubi.

Ila mimi ningeanza na kozi fupi, ile ambayo chuo kimekaa na waajiri kuipanga: kufunga hesabu za zamu, kumpokea mgeni aliyefika saa sita usiku akakuta chumba chake kimeshatolewa. Kabla hujalipa ada, uliza kama vipindi vinahamishika ukibadilishiwa zamu, na kama cheti kitahesabiwa ukienda diploma. Halafu mwombe meneja achangie. Hoteli inafaidika na elimu yako, usione haya kabisa.